Bilauri Nne za Mwisho

Wete, chumba cha nyuma, feni imekufa tangu Rajabu.
Bilauri ishirini na nne nimezipanga mezani,
kila moja uduvi watano, wachanga,
wa jana tu, hata kivuli hawajapata.

Dawa ya kusafishia mitambo nimeitia kwa tone:
hapa nyingi, hapa kidogo, hapa harufu tu.
Nne za mwisho hazina kitu.
Maji matupu ya Mtambwe, niliyateka mwenyewe,
sketi ikanilowa mpaka magotini.

Sheria yasema: tikisa taratibu, hesabu hadi kumi na tano.
Asiyeogelea usimwandike "kafa".
Andika "hajongei".
Bi Mize, aliyenifunza kazi, alikuwa akiwanong'oneza,
"Haya, baba, amka,"
kisha ndio aandike.

Saa arubaini na nane.
Palipo nyingi, wote chini, kama chumvi iliyogoma kuyeyuka.
Mimi natafuta pa katikati:
nusu wanacheza, nusu wamelala.
Nusu hiyo ndiyo namba aitakayo mwenye kiwanda.

Nikafika kwenye maji matupu.
Nikatikisa. Moja, mbili, hadi kumi na tano.
Nikaanza upya kutoka moja.
Katika ishirini, wanane hawajongei.

Kanuni i wazi: jaribio limeharibika, mwaga, anza tena.
Nimemwaga.
Fomu ina kisanduku cha dawa, cha kipimo, cha sahihi yangu.
Cha Mtambwe hakimo.

Usiku mama kaunga uduvi kwa nazi,
kanipakulia,
kakaa ananitazama nile.