Viduara Vilivyogeuka Mayai

Kabla ya kulibana, Zdenka hulichapa bati viduara
vidogo kama mbegu za ufuta, mamia kwa mamia,
kila kimoja sawa na kingine.
Hao ndio mashahidi wake. Kesho watasema
nani alivutwa, wapi, kiasi gani.

Bati ni la alumini, unene milimita moja,
limefungwa pande nne kwa boliti kumi na sita,
limepakwa mafuta, linang'aa
kama paji la uso la mtu anayengoja jina lake liitwe.

Nje, Košice, theluji ya Februari imegeuka tope.
Ndani, kidole cha chuma chenye ncha ya mviringo
kinashuka nusu milimita. Kinazunguka.
Kinashuka nusu tena. Kinazunguka.
Chini yake hakuna kalibu, hewa tu.
Kalibu ya taa hii iliyeyushwa zamani,
na tramu namba thelathini na nne, chongo,
inangoja jicho la pili katika banda la akina Ondrejčák.

Bandu bandu huisha gogo,
lakini hapa hakuna ubandu hata mmoja unaodondoka.
Hakitolewi kitu, hakiongezwi kitu:
bati linajikopa lenyewe.
Kina hununuliwa kwa unene.
Ukuta wa nyuzi sitini umebakiwa na nusu ya mwili wake,
na kupita hapo bei hupanda.

Kwa nyuzi sabini na moja, mara tatu mfululizo,
lilipasuka.
Si kwa kishindo. Tss,
kama mtu aliyevuta pumzi akakumbuka kitu.

Bohuš, aliyenyoosha madigadi kwa nyundo miaka thelathini,
alichungulia ule ufa, akapitisha kidole gumba.
"Unauvuta ukuta peke yake," akasema.
"Katikati pamekaa bure. Chukua kule."
Akaendelea kumenya chungwa lake.

Basi, nyuzi arobaini kwanza, bakuli la mteremko mpole.
Kisha hamsini na tano. Sitini na tano.
Sehemu za kati zilizokuwa zimelala
zikaamshwa, zikatoa zaka.
Saa nne za mlio mmoja, ziii,
Zdenka akila mkate wake amesimama,
macho kwenye mafuta yanayogeuka meusi.

Sabini na moja.

Halikupasuka.

Akalegeza boliti, moja huku, ya pili ng'ambo.
Bati likashusha pumzi, likarudi nyuma kidogo,
milimita na robo, kuelekea ule ubapa
ambao halitaupata tena.

Chini ya lenzi viduara vimekuwa mayai;
yale ya ukutani marefu kama punje za mchele,
yote yameelekea chini.
Anayapima moja moja, anaandika.
La mia mbili na sita lina mstari mweupe pembeni,
mwembamba kama unywele,
bado si ufa.
Analizungushia kalamu nyekundu,
anampigia Ondrejčák simu: njoo Jumatano.
Na uje na blanketi.