Sufu Kooni

Meza tuliyokulia chakula cha matanga ya mama
leo imetandikwa magazeti ya mwezi jana,
na juu yake injini ya kwad, i uchi,
kama kondoo aliyetoka kunyolewa.

Bolti nimezipanga katika trei ya mayai,
kila moja na kitundu chake.
Vitundu ni kumi na viwili. Bolti ni kumi na tatu.
Hiyo ya mwisho nimeitia mfukoni, nikanyamaza.

Mjomba Idwal kasimama mlangoni na kikombe,
mvua ya Wales ikimdondoka ukingoni mwa kofia.
"Nunua mpya, Mererid."
"Kwa pesa ipi?"
Anakunywa chai.

Machi imebisha hodi. Kule juu mgongoni mwa mlima
kondoo mia mbili na kumi wanakaribia kuzaa,
na mimi nina miguu miwili
na buti moja linalovuja.

Silinda niliivua kwa kuibembeleza,
nyundo ya mpira, tap, tap, na maneno ya heshima.
Kisha maneno yasiyo ya heshima.
Ringi ya juu ilikuwa vipande vitatu.
Nikapitisha ukucha ukutani mwa silinda:
ukucha ukakwama.
Imekula mchanga huyu, nikasema.
Na injini haili mchanga kwa hiari yake,
kuna aliyeilisha.

Nikafungua boksi la chujio la hewa.

Kiota.
Sifongo imetobolewa, na tunduni
sufu ya kondoo wetu wenyewe, imesokotwa
vizuri kuliko ningeweza mimi,
imechanganywa na makombo ya karatasi.
Nikayakunjua makombo: kitabu cha maelekezo,
ukurasa wa cheni ya taimingi.
"Hakikisha alama mbili zinatazamana na..."
Baada ya hapo, meno.

Siku tisa nikingoja pistoni ije kwa posta.
Wazee walisema mkono mtupu haulambwi.
Wangu haukuwa mtupu, ulijaa grisi hadi kiwikoni,
na bado hakuna aliyeulamba, hata mbwa.

Kipini kidogo cha chemchemi kiliruka, kikaenda
chini ya friji, kikanikuta nimepiga magoti
nikimulika vumbi la miaka na tochi ya simu.
Nilikipata. Nikapata pia pete ya mama.
Nikaivaa, nikaivua, nikarudi kwenye pistoni.

Bandani, usiku wa nne, nikawasha.
Kimya.
Plagi: cheche ipo, buluu, kali.
Petroli: ipo, imeninukia mpaka kitandani.
Kompresheni: niliziba tundu kwa kidole gumba,
ikanisukuma kama mtoto asiyetaka kulala.
Kila shahidi ni mkweli, na kesi bado haiamuliki.

Nikawasha tena.
PAA! Moto ukarudi nyuma,
Pero akatoka bandani bila mkia wake,
au hivyo ndivyo ilivyoonekana.

Ndipo nikaukumbuka ukurasa ulioliwa.
Nilikuwa nimekisia.
Nikafungua kifuniko, nikaihesabu cheni
pingili kwa pingili, midomo ikinicheza:
jino moja. Nimepitisha jino moja.
Panya alikula ukurasa kwa meno yake,
nami nikalipa kwa jino la gia.

Nikairudisha.
Ikakohoa, ikatema moshi mweupe,
ikakaa kimya kidogo, kama mtu anayetafuta jina la mwenyeji wake,
kisha ikanguruma,
ikaendelea kunguruma,
na mimi nikasahau kuushusha mkono.

Mjomba alikuja na mwavuli. Akaizunguka mara mbili.
Hakusema nunua mpya.
"Inavuja oili," akasema.

Kweli, inavuja.
Bolti ya kumi na tatu ingali mfukoni.

Kiota nimekiweka kwenye lile buti bovu,
pembeni mwa ghala, mbali na kitabu chochote.