Kipeperushi cha Wageni wa Trieste

Baraza la mji limeniagiza maneno mia mbili,
yasizidi hata moja, kwa wageni washukao melini:
historia, utawala, mahali pa kutembelea.
Nimekaa ghorofa ya tatu, dirisha nimelikomea,
maana upepo wetu umeamka tangu alfajiri
na vyungu vya maua vya jirani vimehama bila kuaga.
Unaitwa Bora. Bora kuliko nini, hatujaambiwa.

Historia, basi.
Kaisari mmoja aliyeishi mbali na chumvi
alitangaza bandari hii iwe huru, isitozwe ushuru.
Wakaja Wagiriki, Waserbia, Wayahudi, Waarmenia,
kila watu wakajenga pa kusalia
na, hatua chache kando yake, ghala.
Hadi hapo baraza halina neno.

Lakini kalamu yangu ina kiherehere,
imeshapanda hadi San Giacomo,
imegonga mlango wa bibi yangu, Ljudmila Žerjal,
aliyezaliwa chini ya picha ya kaisari mwenye ndevu za mashavuni.
Alipotimiza miaka kumi, manowari ya Italia ilitia nanga;
gati likavuliwa jina la mtakatifu, likavishwa la manowari.
Kisha ikafika zamu ya watu.
Karani, karani kama mimi, kwa wino kama huu,
alimlaza Žerjal akamwamsha Zeriali,
akapiga muhuri, akasema asante kwa kuja.

Wakaja Wajerumani. Kiwanda cha kukoboa mpunga
kikafuka moshi usio wa mpunga.
(Panda basi. Kiingilio ni bure. Zima simu.)
Zikaja siku arobaini za nyota nyekundu.
Wakaja Waingereza na Wamarekani na chingamu zao,
miaka tisa; tukaitwa Eneo Huru,
nchi yenye stempu lakini isiyo na gavana,
maana mataifa yalibishana nani akikalie kiti
mpaka kiti kikaliwa na vumbi.
Kisha, siku ya mvua, Italia tena.

Bibi hakuhama. Nchi ndizo zilizompitia mlangoni.
"Mwenye nguvu mpishe," alisema,
akarudi kukaanga vitunguu.
Kitasa tu ndicho alichobadilisha, mara moja, kwa sababu ya kutu.

Utawala.
Tuna meya, tuna madiwani wanaogombania maegesho,
na juu ya paa la manispaa watu wawili wa shaba
wanaogonga kengele kila saa,
watumishi pekee wasiowahi kuomba likizo.

Pa kutembelea.
Uwanja wenye majumba pande tatu na bahari upande wa nne.
Kasri jeupe jabalini. Kahawa katika bilauri ndogo.
Na ufuko wa Pedocin, uliokatwa na ukuta:
wanaume huku, wanawake kule.
Kule bibi aliota jua viangazi thelathini,
taulo lake likigusana na taulo la Ondina,
binti wa yule karani.
Walijua. Katika mji huu nani asiyejua?
Walikatiana keki ya plamu,
wakapakana mafuta mgongoni.
Nilimuuliza mara moja. Alinitazama
kama mwanamume aliyekosea mlango.

Cheti chake cha kifo nilikijaza mimi, Februari iliyopita.
Kwenye nafasi ya jina la ukoo kalamu ilisimama,
mwenzangu meza ya pili akakohoa,
nikaandika nilichoandika.
Hilo haliwahusu wageni.

Maneno yamepita kiasi; nitayafuta.
Nitabakiza uwanja, kasri, kahawa.
Na labda hili, pembeni, kwa herufi ndogo:
zamani mji ulifunga kamba kando ya njia
ili watu washike upepo ukija kasi.
Nyingi zimeondolewa.
Ukimwona bibi kizee kwenye kona
ananyoosha mkono, anashika hewa,
usicheke, mgeni.
Mpishe.