Barafu ya Keko, Daraja la Pili

Ukisema baba yako alikuwa mtu wa gongo,
Keko watacheka, watakuuliza lita ngapi.
Silo hilo. Gongo la mti, ncha imepinda,
la kuchezea mpira mdogo, mgumu
kama ngumi ya mtoto aliyenyimwa.

Timu ilikuwa ya kiwanda cha barafu.
Haikupanda daraja hata siku moja.
Mwaka wa kwanza, magongo saba kwa watu kumi na mmoja;
wanne wa nyuma walicheza na mikwaju
iliyochongwa na Mhina, fundi wa pampu,
na refa, kwa huruma au kwa uvivu, hakuikagua.

Ninalo daftari. Mwandiko ni wa Bwana Karvalo wa stoo.
Kushoto: Feri, mapande mia na ishirini.
Hospitali, kumi.
Harusi ya Magomeni, manne, hawajalipa.
Kulia, kwa wino uleule:
Wa Viatu nne, sisi moja.
Wa Kamba mbili, sisi bila.
Wa Viatu tatu, sisi tatu,
na pembeni, kapigia mstari mara mbili:
MVUA. MPIRA ULIELEA.

Baba alikuwa kipa.
Miguuni alifunga magunia ya kufungia barafu,
maranda yakiwa bado ndani;
mpira ukimpata, vumbi la mbao liliruka
kabla hujasikia kishindo.

Kila mechi kiwanda kilitoa pande moja.
Likawekwa katikati ya uwanja, juu ya turubai,
na filimbi ikishalia timu zote mbili zililizunguka,
waliopigana fimbo za ugoko wakigusana mabega,
kila mmoja akilibandika goti lake.
Wageni walipenda kuja kwetu,
na si kwa ajili ya pointi tu.

Halafu friji zikaingia. Bucha ikanunua.
Hospitali ikanunua. Hata wale wa Magomeni,
wasiolipa.
Ukurasa wa kushoto ukawa mweupe zaidi kila mwezi,
na wa kulia nao ukaanza kuandikwa
*hatukutimia*.

Mechi ya mwisho tulikuwa wanane; wa Kamba hawakuja.
Sheria ilitaka tusubiri nusu saa,
kisha mtu mmoja asukume mpira kwenye goli tupu.
Wakampa Baba, ambaye katika miaka kumi na minne
hakuwahi kuvuka mstari wa kati.
Alitembea uwanja mzima na magunia yake.
Akapiga. Mpira ukagonga mlingoti, ukatoka.

Refa aliandika bao.
Karvalo aliweka nukta tu.

Pale leo pamepangwa makontena.

Juzi goti lilimsumbua. Mtoto wa jirani, Tatu,
akaleta barafu ya friji kwenye mfuko wa nailoni,
vipande vidogo kama meno.
Baba akaupima mfuko kiganjani, akautazama sana.
"Kumbe hii," akasema, "ndiyo iliyotufunga."
Kisha akauweka gotini.