Kuita Kisiwa

Jaribio la kwanza waliitika wote.
Kioo kizima kijani, kama arusi ya Sib
ambayo hata waliokosa kadi wameingia na watoto.
Dadkarim akachungulia hadubini, akacheka:
"Hujawalisha seramu ya mbuzi. Njaa hiyo."
Kweli, nilisahau. Usiku ule sukari ya Azzan ilishuka
hadi mbili na nukta tisa,
nikakesha na juisi na mrija,
kulipokucha nikaja Al-Khodh mikono ikifanya kazi peke yake.

Naanza upya.
Kipande cha kongosho, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
cha mtu ninayemjua kwa nambari tu:
mwanamume, hamsini na mbili, ajali ya barabarani.
Ndugu zake walisema ndiyo.
Sijui walisema kwa lugha gani.

Nakinywesha seramu. Nangoja saa nzima.
Kisha tone la kingamwili,
la ukoo mmoja, mama mmoja, seli moja ya panya
iliyojigawa na kujigawa ikikariri neno lile lile,
la pili haijui wala haitaki kulijua.
Panya mwenyewe keshakufa zamani, nchi nyingine.
Neno limebaki kichupani, kwenye barafu.

Usiku kucha, nyuzi nne, gizani.
Nje nyuzi arubaini na sita,
usukani wa gari haushikiki.

Asubuhi naosha. Mara tatu, kwa maji ya chumvi,
dakika tano tano,
na midomo yangu, bila kutumwa, inaanza bismillahi ya udhu.
Kisichoshikamana kiende zake.

Nilikuwa na miaka sita, soko la Sib,
Kiarabu, Kibalushi, Kimalayalam, mnada wa jodari.
Mfuko wa bibi ukapasuka.
"Jamani, ndimu zangu!"
Watu mia walikuwapo. Ndimu zikapita katikati ya miguu yao.
Kichwa kimoja tu kikageuka,
mwanamke wa baibui penye meza ya papa mkavu:
"Wa wapi weye, bibi? Unguja, ama Pemba?"
Wakasimama palepale wakashikana mikono.
Ndimu niliziokota mimi.

Nazima taa.
Kwanza kile cha kulinganishia, kisichopewa neno:
kiza. Vizuri. Asiyeitwa hakuitika.
Kisha hiki.
Kiza, kiza, uwanda mzima wa seli za kumeng'enya chakula
zimelala, haziwahusu,
na katikati, kisiwa.
Vitabu ndivyo vinavyoviita visiwa, sikubuni mimi.
Kijani.
Nahesabu thelathini na moja, zenye insulini, hizo tu;
jirani zao wa ubavuni, ukuta kwa ukuta, kimya.

Dadkarim anasema hongera, andika.
Naandika tarehe, nambari, kipimo: moja kwa mia mbili.

Hili siliandiki:
kwamba kuna mwili uliozijua seli hizi kabla yangu,
ukaziita moja moja, bila kukosea nyumba,
na zilizoitika hazikurudi.
Azzan alikuwa na miaka minne.
Alikojoa kitandani wiki nzima, akinywa maji kama mchanga,
na sisi tukamgombeza.
Mimi nilimgombeza.
Mimi, niliyekuwa nikishinda na kongosho za watu.

Nageuza skrubu kidogo. Kisiwa kinafifia, kinarudi.
Mwanga huu haudumu; ukitazamwa sana unaungua.
Natazama kidogo tena.

Simu inatetemeka mfukoni. Muuguzi wa shule:
nne na nukta moja, mama Azzan, kala tende mbili,
anauliza kama aruhusiwe mpira.

Navua glavu moja ili nimjibu.