Fungu la Ndeshifose

Daftari ni la shule, jalada limenyofoka.
Juu nimeandika kwa kalamu nyekundu: MICHANGO YA BARAFU.
Jirani yangu wa meza ya vitunguu akauliza
moja bei gani, na kama ninazo za ukwaju.

Ndeshifose aliviona Kiboriloni, robota la majaketi likifunguliwa:
viatu vyeupe, vina kisu chini ya soli.
Muuzaji alidhani ni vya watu wa bucha.
Akamwachia kwa elfu nne na ushauri: angalia usijikate.

Visu nimevifunga kwenye kanga, viko chini ya godoro.
Mahali pake fundi Ngowi ametia magurudumu
ya begi la safari la marehemu mkewe.
Nikamwuliza, niandike shilingi ngapi?
Akasema, andika begi.

Nikaandika begi.

Jumapili jioni Tarimo mlinzi anafungua ghala la kahawa
karibu na reli, lile lisilopokea tena magunia.
Sakafu imelainika kwa miaka ya kuburuza.
Hapo binti yangu anakwenda kinyumenyume bila kutazama,
anakunja mikono kifuani kama aliyeficha yai,
anazunguka,
anazunguka,
mpaka vumbi la kahawa linaamka na kunukia upya.
Tarimo, ukurasa wa pili: ufunguo mmoja, saa mbili.

Afisa alinipokea vizuri, kiti akanipa.
Akafungua kabrasha, akalifunga.
"Mama, mchezo huu hauna fungu."
Mimi nauza nyanya Manyema, huu mwaka wa kumi na tisa.
Fungu nalijua. Nne chini, moja juu,
iliyopondeka unaigeuzia upande wako.
Fungu halijileti mezani, baba, linapangwa.
Lakini hayo niliyasema nikiwa nje, kwenye ngazi,
nikiziambia kandambili zangu.

Shemeji zangu wana kamati ya harusi, kikao cha sita:
ukumbi, keki ya ghorofa, matarumbeta.
Nikapeleka kadi yangu. Ilizunguka meza nzima
ikarudi na duara la maji la chupa ya bia.
Mmoja akanyoosha kidole dirishani:
"Barafu si ile pale juu? Mpandishe akateleze bure."
Wakacheka. Nami nikacheka;
kuna kucheka kwa kutafuta nauli.
Akatoa elfu kumi. Imeandikwa.
Kicheko sikukiandika.

Mnada wa usharika ndio ulituvusha.
Mkungu mmoja wa mshare ulinunuliwa mara nne,
kila aliyeununua akiurudisha mbele,
na wa mwisho, mama mmoja wa Rau nisiyemjua jina,
akaubeba kichwani akaenda zake
bila kuuliza mtoto anateleza nini, wapi, kwa faida ya nani.

Hati ya safari. Chanjo. Nauli kupitia Namanga, kwenda na kurudi.
Kilichobaki kilitosha nusu saa ya barafu ya Nairobi,
na chai.

Usiku akapiga simu. Sikumwuliza kashinda nini,
hapakuwa na shindano.
Nikasema, ikoje?
Akasema, inanuka kama friji tupu, Mama.
Ni ngumu kuliko ghala. Nimeanguka mara kumi na moja.
Akanyamaza, nikasikia vocha inaliwa.
Halafu nikasimama mguu mmoja, akasema,
na ukumbi ndio ukazunguka.

Asubuhi wingu lilikuwa limeondoka Kibo.
Ile nyeupe imepungua tena tangu nilipokuwa msichana;
inatoa tu, mwaka hadi mwaka,
na sijaona daftari lake.
Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika: Mlima.
Mbele ya jina nikaacha wazi,
maana mteja alikuwa amesimama,
kashika nyanya ya juu, anaibonyeza,
anauliza fungu bei gani.