Mwenye Viti

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha namba mbili,
Uwanja wa Carsemill, Uskochi, timu ya daraja la tatu,
mji uliokuwa na viwanda vinne vya magunia
na sasa una vinyozi wengi kuliko vichwa.
Tundu la kioo ni dogo. Nyuso sizioni.
Mkono unaingia na noti,
mkono unatoka na tiketi.

Kidole kisicho na ncha ni cha Wattie Drummond;
ncha iliyobaki waliichukua mashine za magunia.
Kila mechi ya nyumbani alisema, "Mbili."
Safu ya J, kumi na nne na kumi na tano.
Hata baada ya kumzika Effie, Februari, ardhi ikiwa barafu,
alisema, "Mbili,"
nami nikakata mbili, sikuuliza.
Kumi na tano alikiwekea skafu na chupa ya chai.

Julai bodi ikakutana.
Mwenyekiti Lorimer akapiga mstari kwa kalamu ya fedha:
pauni kumi na nne ikawa ishirini na tatu.
"Mtu huthamini," alisema, "anacholipia."
Nikabandika bei mpya juu ya bei ya zamani.
Mvua ikala gundi,
na kumi na nne ikabaki inachungulia
kama fulana chini ya suti ya kuazima.

Agosti walikuja elfu moja na mia mbili.
Septemba, mia nane.
Mechi na Inverdale, mia nne na kumi na moja,
niliwahesabu mwenyewe, na mbwa wa yule kipofu sikumhesabu.
Watoto wa Mtaa wa Dyehouse walipanda paa la duka la mikate.
Toka pale unaona goli moja tu;
la pili unalijua kwa kelele,
na kelele zenyewe zilikuwa za kuokoteza.

Ndipo Lorimer akaleta wapaka rangi.
Viti vya buluu vikapakwa vyekundu, vyeupe, vya kijivu,
ovyo ovyo, kwa makusudi,
ili kamera ikipita mbali ione umati.
Nilitazama marudio usiku, miguu ndani ya beseni.
Kweli, kwa sekunde moja tulijaa.
Mwenyekiti, mwenye viti elfu nne,
hana wa kumkalia.

Oktoba, mkono ukaingia.
"Moja."
Nikauliza, kwa mara ya kwanza: kipi?
Kidole kifupi kikagonga mbao, kikatulia.
"Chake."
Mechi ilipoanza nilifunga dirisha nikapanda ngazi.
Alikuwa ameketi kumi na tano, mikono mapajani, kama mgeni.
Cha kumi na nne, chake mwenyewe,
kilikuwa kitupu, chekundu,
kikijifanya mtu.

Jumamosi iliyofuata akasema moja, nikakata mbili
kwa pauni kumi na nne kila moja.
"Nimesema moja."
"Mashine imekosea," nikamwambia.
Nyuma yake Shona Petrie, na wanawe watatu waliokuwa wa paani:
"Na yangu, haiwezi kukosea?"
Ikakosea.
Ikakosea mchana kutwa.
Habari ikavuka daraja kabla ya saa nane,
na mikono ikaja, yenye glavu, yenye unga wa mikate,
mmoja umeshika sarafu tupu, zimehesabiwa tangu nyumbani, za moto.

Tulifungwa mbili bila. Sitadanganya.

Jumatatu Lorimer alisimama upande wangu wa kioo, na uso wake wote.
Nikamsogezea karatasi.
Mia nne na kumi na moja mara ishirini na tatu:
elfu tisa, mia nne na hamsini na tatu.
Mia tisa na wawili mara kumi na nne:
elfu kumi na mbili, mia sita na ishirini na nane.
Haba na haba, nikasema, kisha nikanyamaza;
kibaba alikiona mwenyewe.

Hakunishukuru. Hakunifukuza.
Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.
"Hiyo mashine," alisema, akielekea mlangoni,
"mwite fundi."

Nimempigia.
Nimempigia wakati najua amelala.